Simu Iliyotumika: Ya Kuangalia Kabla ya Kulipa

(Hotuba iliyoandaliwa kwa baraza la wananchi, Wodi ya Wabera, mjini Isiolo)

 

Mazungumzo ya leo ni kuhusu simu. Si simu mpya ya dukani yenye boksi, risiti na waranti, bali ile iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kisha ikauzwa. Isiolo ni njia panda. Barabara ya Nairobi inapita hapa kuelekea Marsabit na Moyale, na nyingine inachepuka kwenda Garbatulla, Modogashe na Wajir. Kinachopita barabarani huuzwa mjini, na simu ni kimojawapo. Kijana akikosa nauli anauza simu. Mzazi akibanwa na karo anauza simu. Jamaa akirudi kutoka Dubai au Minnesota analeta tatu, anagawa moja na kuuza mbili. Biashara hiyo haina ubaya. Simu mpya yenye intaneti ni ghali kwa familia nyingi, na simu za mtumba zimewasaidia watu kama vile nguo za mtumba zilivyowasaidia.

Tofauti ni kwamba shati la mtumba halimjui aliyelivaa kwanza. Simu inamjua. Inabeba nambari yake, akaunti yake, deni lake ikiwa aliichukua kwa mkopo, na pengine kosa lake ikiwa aliiiba. Ndiyo maana mtu anaweza kulipa shilingi elfu saba asubuhi, na jioni akawa na kioo kilichojifunga kisichokubali hata kupiga simu. Au mbaya zaidi, akapata wageni kutoka kituo cha polisi.

Swali linaloulizwa sana ni hili: simu iliyotumika hufunguliwa vipi kwa mtoa huduma? Je, ni lazima ipelekwe kwa Safaricom, Airtel au Telkom ikaandikishwe jina la mwenyewe mpya?

Jibu ni hapana. Hapa Kenya kinachosajiliwa kwa jina la mtu ni laini, si simu. Laini ikishasajiliwa na kuanza kufanya kazi, inaweza kuhamishwa kutoka kabambe hadi simu kubwa, na kutoka hiyo hadi nyingine, bila kumuarifu yeyote. Nambari inabaki ileile. Akaunti ya M-Pesa inabaki ileile, na pesa zilizomo haziguswi. Wazo la kuipeleka simu yenyewe kwa kampuni limetoka mbali. Kule Marekani, kwa miaka mingi, baadhi ya kampuni zilikuwa na simu zisizotumia laini ya kuingiza na kutoa. Mteja alilazimika kuipa kampuni nambari ya kifaa, nayo ikakifungulia mtandao. Aliyeishi kule akirudi nyumbani husimulia hivyo, na masimulizi yakaenea kana kwamba ndiyo kanuni ya kila mahali.

Hili si jambo dogo, kwa sababu hapo ndipo matapeli wanapopata nafasi. Tuseme mama anayekusanya maziwa ya ngamia na kuyapeleka Eastleigh kwa basi amenunua simu iliyotumika. Yeye hulipwa kwa simu kila siku. Mtu mwenye maneno matamu anamwambia, "Mama, M-Pesa yako imebaki kwa ile simu ya zamani, nipe nambari ya siri nikuhamishie." Hakuna kitu cha kuhamisha. Pesa ziko kwenye akaunti ya laini, na laini iko mkononi mwake. Nambari ya siri haihitajiki na fundi, haihitajiki na muuzaji, na hata mhudumu wa kampuni ya simu haruhusiwi kuiuliza.

Basi ikiwa mtoa huduma hana cha kufungua, kazi yote iko kwa mnunuzi, na inafaa ifanywe kabla pesa hazijatoka mfukoni. Si nyumbani usiku, bali palepale, muuzaji akiwa amesimama mbele yake.

La kwanza ni nambari ya kifaa, ile inayoitwa IMEI. Kila simu halali ina nambari hiyo ya tarakimu 15. Simu ya laini mbili ina mbili. Bonyeza *#06# kama unayetaka kupiga, nayo itajitokeza kwenye kioo bila kukata salio. Tarakimu 8 za mwanzo zinaeleza aina na modeli ya simu, 6 zinazofuata ni za simu hiyo moja tu, na ya mwisho ni ya kuhakiki hesabu. Nambari hiyohiyo huandikwa kwenye boksi, na katika simu nyingi za zamani iko chini ya betri. Zikitofautiana, kuna jambo. Huenda ndani ya ganda hilo kuna mashine ya simu nyingine, au nambari imebadilishwa makusudi. Sheria ya mawasiliano ya Kenya inamkataza mtu yeyote asiye mtengenezaji au wakala wake kubadilisha nambari hiyo, na aliyeibadilisha kwa kawaida alikuwa na sababu ya kuificha.

Wengi hapa wanakumbuka mwaka 2012. Mwisho wa Septemba mwaka huo, Tume ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano, iliamuru simu bandia zizimwe kwenye mitandao yote. Takriban simu milioni 1.9 zilikatika. Wananchi waliambiwa watume IMEI kwa ujumbe kwenda 1555 ili wajibiwe simu yao ni ya aina gani. Jibu likitaja modeli tofauti na iliyo mkononi, au likisema nambari haijulikani, basi simu hiyo ilikuwa bandia. Majirani zetu wa Tanzania walifanya vivyo hivyo Juni 2016. Waliopoteza hawakuwa watengenezaji wa simu bandia. Walikuwa watu wa kawaida waliolipa pesa zao kihalali na hawakuwa na wa kumdai.

Kumbukumbu hiyo ndiyo inayofanya uvumi usambae haraka kila mara simu zinapotajwa. Mwishoni mwa 2024 Mamlaka ya Mawasiliano na ile ya Ushuru zilitangaza mpango wa kutaka nambari za IMEI za simu zinazoingia nchini ziandikishwe ili kuhakikisha ushuru umelipwa. Palepale ikaanza kusemwa sokoni kwamba simu zote za mtumba zitazimwa. Tangazo lenyewe lilisema simu zilizokuwa tayari kwenye mtandao hazihusiki. Suala hilo likafika mahakamani, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mpango huo unakiuka Katiba. Anayewaambia watu wamlipe ili "asajili IMEI" yao isizimwe anawala tu.

La pili ni kufuli, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea siku hizi kuliko kwa simu bandia. Kuna kufuli za aina mbili, na hazifanani.

Ya kwanza ni ya akaunti. Simu za Android, tangu mwaka 2015, hukumbuka akaunti ya Google ya mwenyewe hata baada ya kufutwa kila kitu kwa vitufe vya pembeni. iPhone zina kufuli kama hiyo tangu 2013. Ziliwekwa ili mwizi asifaidike, na ni jambo jema. Lakini muuzaji mwaminifu asiyejua mambo hayo anaweza kuifuta simu kwa nia njema, akaiuza, na mnunuzi akifika nyumbani anaulizwa barua pepe na nywila za mtu ambaye tayari ameshapanda gari la Moyale. Kwa hiyo mpangilio ni muhimu. Kwanza muuzaji mwenyewe aingie kwenye setingi, aende kwenye akaunti, aondoe akaunti yake. Kwa iPhone azime ile huduma ya kutafuta simu iliyopotea, kisha atoke kwenye akaunti yake ya Apple. Baada ya hapo ndipo afute kila kitu kupitia setingi hizohizo, si kwa vitufe. Simu ikiwaka upya na kumkaribisha mtu kama mgeni, bila kuuliza jina la yeyote, hapo iko wazi. Muuzaji akisema amesahau nywila, biashara isubiri mpaka aikumbuke. Mwenye simu halali anaweza kuirudisha nywila yake kwa dakika chache. Asiye mwenyewe hawezi.

Kufuli ya pili ni ya deni. Tangu Safaricom ianzishe Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020 kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku, na kampuni nyingine zikawa na mipango yao, watu wengi wamepata simu nzuri kwa mkopo. Masharti yake yanajulikana: siku zilizolipiwa zikiisha, simu inajifunga mpaka mwenyewe alipe. Mpango wenyewe ni halali na umewainua wengi, hasa vijana wa boda boda wanaohitaji intaneti kazini. Tatizo ni anayeiuza kabla ya kumaliza deni. Anailipia siku tatu mbele, anaizima intaneti, anaiuza kwa bei ya kutupa. Mnunuzi anafurahi siku mbili. Ya nne anaamka na kukuta kioo kinamdai yeye.

Kuifuta simu hakuondoi deni. Ikishaunganishwa na intaneti tu, inawasiliana na kampuni na kujifunga tena. Na hilo linampa mnunuzi kipimo kizuri kuliko maneno ya muuzaji: baada ya simu kufutwa, iunganishwe na intaneti palepale, iachwe hivyo muda wa kunywa chai, huku pesa zikiwa bado mfukoni. Muuzaji anayekataa intaneti isiwashwe, kwa kisingizio cha bando kuisha au mtandao kuwa mbaya leo, ameshasema anachojua. Vilevile anaweza kuombwa aonyeshe ujumbe wa kampuni unaothibitisha kwamba amemaliza kulipa. Aliyemaliza huwa anao, maana ni ujumbe ambao mtu huuweka kwa fahari.

Mafundi wanaoahidi kuvunja kufuli hizo kwa kuiflashi simu wapo. Wengine ni mafundi hodari wa kazi zao nyingine. Lakini simu iliyovunjwa kufuli mara nyingi hujifunga tena ikipata programu mpya, na fundi hatarudisha ada yake. Kufuli ya deni huondolewa na aliyeiweka, baada ya kulipwa.

Kuna kufuli ya tatu inayowahusu wachache. Simu iliyonunuliwa Marekani kwa mkataba wa kampuni fulani inaweza kukataa laini nyingine yoyote. Hiyo hufunguliwa na kampuni ileile ya kule, kwa ombi la aliyeinunua, kwa hiyo jamaa afanye hivyo kabla ya kuipakia kwenye begi. Simu za zamani sana za kule, hasa ndogo, zina shida nyingine: masafa yake ya mawimbi si yale yanayotumika hapa kwa simu za kawaida, ambayo ni 900 na 1800. Laini itaingia, kioo kitawaka, na mtandao hautaonekana kamwe.

Sasa tuje kwa sheria. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu mtu anayepokea au kuweka mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Adhabu yake inafika kifungo cha miaka 14. Simu iliyoibwa hufuatiliwa kwa IMEI. Laini yoyote ikiingizwa humo, kumbukumbu za mtandao zinaonyesha nambari gani imetumika, na nambari hiyo ina jina na kitambulisho. Mwizi mwerevu haweki laini yake. Anauza. Anayeweka laini ni mnunuzi, na anaweka ile iliyosajiliwa kwa jina lake halisi, kwa sababu hana la kuficha. Kwa hiyo anayefikiwa kwanza ni mtu asiye na hatia. Ikiwa simu hiyo ilitoka kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, maswali yatakayoulizwa si ya wizi tu.

Kinachomwokoa hapo ni karatasi. Si lazima iandikwe na wakili. Ukurasa wa daftari unatosha: jina la muuzaji na la mnunuzi, nambari za vitambulisho, aina ya simu, IMEI zote mbili, bei, tarehe, sahihi, na shahidi mmoja anayejulikana mtaani. Malipo yafanywe kwa M-Pesa badala ya pesa taslimu, maana ujumbe wake una jina, saa na kiasi. Wapo watakaoona aibu kumwandikisha jirani. Ni aibu ya dakika tano. Na kwa kweli, mzee wa mtaa akiitwa kuwa shahidi, muuzaji wa mali ya wizi hukumbuka ghafla kwamba ana safari. Bei pia huzungumza: simu ya elfu ishirini inayouzwa elfu nne karibu na stendi, usiku, haihitaji uchunguzi mwingine.

Baada ya hayo yote ndipo laini inaingia. Mwenye laini yake aliyoizoea anaitoa kwenye simu ya zamani na kuiweka kwenye hii, basi. Kama ni ndogo kuliko nafasi au kubwa kuliko nafasi, ajenti hubadilisha kwa kadi mpya yenye nambari ileile, na kwa hilo aende na kitambulisho chake mwenyewe. Simu zikipigika lakini intaneti haifunguki, huenda ni setingi za mtandao ambazo simu haikuzipata. Kwa Safaricom jina la kuandika pale ni "safaricom", herufi ndogo. Hii ni kazi ya dakika mbili na haifai kutozwa mia tano.

Anayechukua laini mpya atahitaji kitambulisho halisi. Na hapa kuna jambo linaloigusa Isiolo kuliko kaunti nyingi. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za kaskazini walisubiri vitambulisho muda mrefu kwa sababu ya kuchujwa, na waliposubiri walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya mama, mjomba au rafiki. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto aliondoa uchujaji huo wa ziada. Aliyepata kitambulisho chake na bado anatumia laini ya mjomba yuko katika hatari, na mjomba pia. Mjomba akiripoti laini imepotea, au akifariki, pesa zilizomo na nambari ambayo wateja wote wanaijua hazina mwenyewe anayetambulika isipokuwa yeye. Na kijana akifanya kosa kwa laini hiyo, anayeulizwa ni mjomba. Wenye nambari na mwenye jina waende pamoja kwa duka la mtoa huduma, wakaulize namna ya kuihamisha. Kwa mtoto ambaye hajafikisha umri, mzazi au mlezi ndiye husajili, na hilo linaruhusiwa.

Katika lile zoezi la usajili upya la 2022, ambalo tarehe yake ya mwisho ilisogezwa kutoka Aprili 15 hadi Oktoba 15, watu wengi waligundua nambari wasizozijua zikiwa zimesajiliwa kwa vitambulisho vyao. Njia ya kuangalia ni kubonyeza *106#. Ikitokea nambari ngeni, mtoa huduma aambiwe iondolewe. Mtu aliyempa ajenti wa barabarani kitambulisho chake kipigwe picha, mwaka wowote ule, ana sababu ya kubonyeza leo.

Kwa upande wa anayeuza, maneno ni machache. Atoe laini na kadi ya kumbukumbu. Aondoe akaunti kwa utaratibu uliokwisha elezwa, maana picha za familia, jumbe za M-Pesa, WhatsApp na programu za mikopo zote ziko humo. Abaki na nakala ya ile karatasi, kwa sababu simu aliyoiuza ikitumika vibaya mwezi ujao, kumbukumbu za mtandao zitamtaja na yeye.

Na aliyekwisha kununua, akabonyeza *#06# usiku wa leo na kukuta mambo hayalingani, au aliyepigiwa na mtu anayedai simu ni yake? Asiitupe, asiiuze kwa mwingine, asiipeleke kwa fundi kuiflashi. Kuiuza ukishajua ndiko kunakoigeuza bahati mbaya kuwa kosa. Aende nayo kituo cha polisi Isiolo, akiandamana na chifu au mzee wa mtaa akitaka, aeleze aliipata kwa nani, aonyeshe ujumbe wa malipo, na asiondoke bila namba ya OB. Na ambaye simu yake imeibwa afanye hivyohivyo siku hiyohiyo, akiwa na IMEI. Wengi hufika pale bila kuijua, na boksi walishalichoma. Kabla ya baraza kufungwa, kila mwenye simu aitoe, abonyeze *#06#, na vijana walio karibu na wazee wawasaidie kuziandika nambari zao pahali watakapoziona tena: nyuma ya kadi ya kliniki, kwenye daftari la duka, au ukurasa wa mwisho wa daftari la mtoto la shule.